Vitabu vya Trésor

Kitabu cha shule, wanangu, kivunjeni mgongo kabla hamjasoma hata jina lake. Kifungue katikati, kikunje mpaka majalada yakutane nyuma, halafu sikiliza. Kikilia kama kijiti kikavu, hiyo ni gundi tupu, na gundi haistahimili unyevu wa mji wetu. Muhula hautaisha kabla kurasa hazijaanza kutoka moja moja, na mtoto atabaki na maswali ya hesabu bila mifano yake. Kisipolia, chungulia ndani ya mkunjo. Ukiona uzi, kichukue. Kisha lamba kidole gumba usugue picha. Watoto wa mwaka wa kwanza hulamba vidole wakifunua kurasa. Wino ukitoka kwako utatoka kwao pia, nao watarudi nyumbani na midomo ya kijani.

Hayo nilifundishwa na Papa Lofemba siku ile ile niliyoingia depo ya vitabu. Muuzaji mmoja alikuwa ameleta sampuli zake, akasimama mlangoni akitazama kitabu chake kikipindwa kama nguo inayokamuliwa.

"Papa, unaharibu mali ya watu!"

"Kama mimi mutu muzima naiharibu mara moja," Papa Lofemba akamjibu bila kuinua macho, "mutoto wa miaka sita atafanya nini mwaka muzima?"

Walimu vijana wa hapa Kabondo, Kisangani, hupita kwangu kuniuliza: Mama Zaina, tuchague vipi? Huyu mwanafunzi ana miaka saba, yule kumi na mbili, yule ni baba wa watu anayesoma jioni. Nami nikianza kujibu, najikuta nimemtaja Papa Lofemba kabla sijataja kitabu chochote. Mnivumilie. Miaka yote niliyofanya kazi hiyo nilikaa naye meza moja, na siku hizi meza yangu ni ya kuchambulia pondu, majani ya muhogo, peke yangu.

Tulikuwa wawili tu. Kazi yetu ilikuwa kuchagulia vitabu shule za msingi za mjini na za mtoni, mpaka Basoko na mpaka ndani kabisa Yahuma. Yeye alikuwa mtu wa Isangi, Mkatoliki, mtoto wa wavuvi, mwalimu wa Kifaransa aliyechoka na chaki. Alikuwa amefiwa na mkewe. Mimi natoka katika familia za Waislamu wa zamani wa mji huu, baba yangu alikuwa fundi cherehani, na kabla ya depo nilifundisha mwaka wa pili. Mimi pia nilikuwa mjane. Yeye aliniita Madame Zaina, mimi nikamwita Papa Lofemba, na hatukubadilisha.

Alikuwa na swali moja lililonichosha mwanzoni. Nikimwonyesha kitabu kizuri, rangi safi, karatasi nzito, ananiuliza, "Unamuchagulia nani? Taja jina." Nikisema "wanafunzi wa mwaka wa tatu," anakirudisha kwenye rundo. Alitaka niseme: namchagulia Fatuma wa shule ya sokoni, anayesoma vizuri lakini anaogopa kusoma kwa sauti. Hapo ndipo alipokubali tuzungumze.

Kwa hiyo hatukuchagua tukiwa tumekaa. Tulifunga sampuli katika makasha ya bati, tukawapelekea watoto wenyewe wazijaribu. Yahuma tulionyesha picha ya theluji, uwanja mzima mweupe na nyumba katikati. Mtoto akasema huo ni unga wa muhogo umeanikwa, tena wenye nyumba ni wazembe, mbuzi wataula. Darasa zima likaunga mkono. Yanonge tulikuwa na kitabu kilichoandikwa kwa Kiswahili safi cha pwani, na chini ya picha moja imeandikwa: Mtoto amelalia mto. Picha yenyewe ilikuwa imefifia, mto wa kulalia hauonekani. Binti mdogo akasoma vizuri, neno kwa neno, kisha akaniangalia kwa hofu.

"Madame, hakuzama?"

Papa Lofemba ilibidi atoke nje akacheke. Naye pia alizaliwa kando ya maji. Mto kwao ni mmoja tu.

Akanifundisha pia kusikiliza pumzi. Mpe mtoto ukurasa asioujua, halafu usitazame mdomo wake, tazama mabega. Akivuta pumzi baada ya kila neno, kitabu kimemzidi. Akipumua kwenye nukta, hicho ni saizi yake. Akisoma bila kupumua na macho yake yako dirishani, amekizidi, mpe kinachofuata. Wadogo wa miaka sita na saba wanataka herufi nene kama punje ya mahindi, mistari michache, na neno lisikatwe mwisho wa mstari. Wa miaka tisa na kumi ndio wa kuwaangalia sana, kwa sababu hapo wengi huacha kupenda kusoma. Hao wape ugomvi: ndugu wamegombana, samaki ameibwa, nani kaiba? Wa miaka kumi na mbili msiwape kitabu chenye majibu nyuma, maana wataanza kukisoma kutoka nyuma.

Sasa niwaelezeni habari ya Mado.

Tulishuka Basoko asubuhi moja, viuno vimekufa kwa kukaa siku nzima kwenye baleinière, ile mashua kubwa ya mbao yenye mota, juu ya magunia ya chumvi. Shule ilikuwa karibu na pale mto Aruwimi unapoingia kwenye mto mkubwa. Tukajaribu vitabu darasa kwa darasa. Katika mwaka wa tatu, dawati la mwisho, alikaa msichana ambaye magoti yake hayakuingia chini ya meza. Mwalimu, kijana mwembamba mwenye adabu, akatueleza kwa sauti ya chini: anaitwa Mado, aliacha shule mdogo, familia yao ilihama mara nyingi, sasa ana kama miaka kumi na sita na amezaa. Mama yake ndiye aliyemrudisha darasani.

"Huyu tumupatie nini?" nikauliza.

"Ya mwaka wa sita," Papa Lofemba akasema. "Yeye iko mama. Mutu anapewa heshima yake kwanza."

"Heshima ya kitabu asichoweza kusoma?"

Alikuwa mkubwa wangu, akashinda. Mado akapokea kile kitabu kinene kwa mikono miwili, akakifungua vizuri, akaweka kidole kwenye neno la kwanza. Kidole hakikusogea. Tulingoja. Mtoto wa mbele akacheka, mwingine akafuata, na Mado akakifunga.

Nikaona zamu yangu imefika. Nikamwekea mezani kitabu cha mwaka wa kwanza cha Lingala, chenye bata mkubwa wa njano kwenye jalada. Alimtazama bata, akanitazama mimi. Kisha akasimama, akakaza kitenge chake, akatoka nje.

"Bon," akasema mwalimu kwa huzuni. "Huyo harudi tena."

Tuligombana nje, juani, mbele ya watu wanaopita na mikungu ya ndizi.

"Umemupatia kitabu ya batoto! Mama muzima!"

"Na wewe umempatia ukuta!"

Hatukuwahi kupaziana sauti kabla ya siku hiyo. Papa Lofemba akavua kofia, akajipangusa.

"Alors, tumekosea wote wawili," akasema. "Twende kumutafuta."

Tulimkuta kwao, kwenye vichanja vya kukaushia samaki. Mama yake alitupokea kwa jicho kali, mikono imejaa magamba. "Ni ninyi mumekimbiza mutoto yangu ku masomo?" Tukakaa juu ya pirogi, yaani mtumbwi, iliyopinduliwa, kama wakosaji. Mtoto wa Mado, Trésor, mwenye miezi michache tu, alikuwa mgongoni mwa Mado. Papa Lofemba akaomba kumpakata. Mkoba wangu ulikuwa wazi, na yule mtoto akanyoosha mkono, akavuta kitabu cha bata, akatia pembe yake mdomoni.

"Acha, Trésor! Utaharibu kitabu ya mutu!" Mado akakinyakua, akakifuta kwa kitenge. Mtoto akaangua kilio. Ili kumnyamazisha, Mado akamgeuzia jalada. "Ona, ona. Libata." Ndiyo bata kwa Lingala. Kisha macho yake yakashuka kwenye maandishi chini ya picha, na kidole kikafuata. "Li-ba-ta." Akafunua ukurasa. "Libata a-ko-me-la mai." Bata anakunywa maji. Akafunua mwingine.

Mimi nilikuwa nimeshika mkono wa Papa Lofemba bila kujua. Nilipogundua nikauachia.

Mado alifika mwisho wa kitabu. Akainua kichwa, na alipotuona tumemkodolea macho akakunja uso.

"Hii iko ya Trésor," akasema. "Si yangu. Mi namusomea tu."

"Ndiyo hivyo," Papa Lofemba akajibu kwa sauti yake ya ofisini. "Trésor ameandikishwa mwaka wa kwanza. Kitabu ni yake."

Hata yule mama wa jicho kali alicheka. Kesho yake Mado alirudi dawati la mwisho, mtoto mapajani na bata mkononi, akawa anamsomea kwa kunong'ona wenzake wakisoma ya kwao. Mwalimu aliruhusu. Hakuna aliyecheka, kwa maana nani atamcheka mama anayebembeleza mwanawe?

Basi, wiki zikapita. Siku moja nahodha wa baleinière akaingia depo, kofia mkononi.

"Niko na ujumbe ya mutu wa Basoko. Anaitwa Trésor. Anasema amemaliza kitabu, anaomba ya mwaka wa pili."

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Kisha tukaacha kucheka, tukaanza kazi, na nawaambia kweli, hakuna kitabu nilichowahi kukitafuta kwa bidii kama kile. Tulihitaji sentensi fupi za mtoto zenye mambo ya mtu mzima ndani yake: homa, soko, mtego wa samaki, jirani mgomvi. Vitabu hivyo ni vichache. Mtu mzima anayeanza kusoma, kumbukeni hilo, mtafutieni maneno mepesi juu ya mambo mazito. Tulikipata chini ya rundo, kitabu kidogo cha usafi na afya, nacho kikapanda mashua.

Ujumbe ukaendelea kuja, kila mara kwa jina lile lile. Trésor hapendi ile ya sungura, anasema iko ya batoto. Trésor anasumbuliwa na kugawanya. Trésor, ambaye kwa hesabu yangu ndiyo kwanza alikuwa anaanza kutambaa, anauliza kama tuna ramani yenye mito yote. Ramani hiyo Papa Lofemba aliitafuta mji mzima, kwa toleka, zile baiskeli za abiria, na kwa miguu, mpaka akaipata kwa fundi saa aliyekuwa ameitundika ukutani. Sijui alimwambia nini yule fundi. Alirudi nayo imekunjwa kwapani, anatabasamu peke yake.

Mwaka wa mtihani wa kumaliza shule ya msingi ndipo mambo yalipokaza. Nahodha alituletea habari: mjomba wa Mado anamtaka aache, wafuatane kufanya biashara ya chumvi Bumba, na mama yake amemwomba kaka yake angoje mtihani upite. Halafu akaongeza, "Trésor anaomba kitabu ya mazoezi ya mwaka wa sita. Haraka." Kitabu tulikuwa nacho. Lakini maji yalikuwa yamepungua, mchanga umeinuka, na mashua kubwa zikasimamisha safari. Nahodha mwenyewe hakujua ataondoka lini.

Asubuhi iliyofuata Papa Lofemba hakuja depo. Aliniachia ujumbe kwa jirani: ameshuka na pirogi, pamoja na binamu yake wa Isangi. Mtu wa umri ule, kwa kasia!

Ninyi vijana mna simu, mnaulizana umefika wapi. Yake ilikuwa imezimika tangu siku ya kwanza. Nilifungua depo, nikapanga vitabu vilivyokwisha kupangwa. Saa za kufunga nikashuka bandarini, nikauliza kila aliyepanda mto. Wengine walikuwa hawajamwona. Mmoja alisema ameona pirogi imepinduka chini ya Yanonge, lakini ya watu wengine, nadhani, Mama, sina hakika. Wanawake wa samaki walinizoea, wakanipa kigoda. Wakawa wananiuliza, "Bwana yako harudi bado?" Siku za kwanza niliwasahihisha.

Akarudi amekonda, ngozi imeungua, miguu imevimba kwa maji. Nilitaka kumgombeza. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi.

"Trésor anakusalimu, Madame Zaina," akasema.

Kisha akasema kitu kingine, polepole, akinitazama. Lakini mota za mashua mbili zilikuwa zinawashwa nyuma yetu, sikushika neno.

"Unasema nini, Papa?"

Akatazama pembeni. "Nasema jua kali."

Na mawingu yalikuwa yamefunika mto wote. Mimi nikajibu, ndiyo, kali sana, tukapanda ngazi za bandari, kila mmoja na toleka yake. Mara nyingi nimerudi pale kichwani, nimezima zile mota, nimesikiliza upya. Sisikii kitu.

Mado alifanya mtihani. Nahodha alipoleta habari hakuvua hata kofia, alipiga kelele toka barabarani: "Trésor amefaulu! Trésor amefaulu!" Tulipomuuliza Trésor mwenyewe yuko vipi, akasema mara ya mwisho alimwona akikimbiza kuku wa watu. Mado hakwenda Bumba. Alishika darasa la wadogo pale pale Basoko, kwanza kumsaidia mwalimu, baadaye la kwake.

Depo ilifungwa muda mfupi kabla sijastaafu. Wakaamua vitabu vitoke moja kwa moja mji mkuu katika maboksi, kitabu kimoja kwa watoto wote. Siwalaumu, vinafika, na zamani shule nyingi hazikupata hata kimoja. Lakini hakuna anayevipeleka kwanza kwa binti wa Yanonge amuulize kama mtoto hakuzama. Papa Lofemba alirudi kwao Isangi, kwa binti yake. Siku ya kuondoka nilimfungia liboke la njiani, samaki aliyeokwa ndani ya majani, akanishukuru, tukapeana mikono kama watu wa ofisi. Sasa pale depo wanauza simu. Nikipita napunguza mwendo, na mwenye duka hunikaribisha akidhani nataka kununua.

Mwaka huu, mfanyabiashara mmoja aliniambia macho ya Papa Lofemba yanakwisha. Sikulala vizuri mpaka nilipoamua. Nikazunguka soko zima kumtafutia cha kusoma. Nilitaka herufi kubwa, karatasi isiyong'aa, mistari iliyoachana. Nikapata vitabu vitatu: cha samaki wa mto wetu, cha historia ya miji, na kimoja cha hadithi fupi za kuchekesha. Nilivivunja mgongo vyote mbele ya muuzaji. Kisha nikapanda mashua na magoti yangu haya.

Isangi nilimkuta kibarazani, amenyolewa vizuri, shati limepigwa pasi. Binti yake akainama akamwambia, "Papa, uko na mugeni. Ametoka Kisangani."

"Nani?"

"Mimi, Papa Lofemba."

Mikono yake ikashika kingo za kiti. "Madame Zaina," akasema. "Umekuja na mashua gani?"

"Na baleinière."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Nikamwambia nimemletea vitabu, nikaanza kumweleza herufi zake, nikitaka asifu nilivyochagua. Akaweka mkono juu ya mkoba, kwa upole, nisiufungue.

"Acha vitabu. Ongea tu. Niambie Kisangani iko namna gani. Anza bandarini, panda nayo polepole."

Nikaanza bandarini. Nikampandisha ngazi, nikampitisha kwa wanawake wa samaki, nikamwambia yupi amekufa na yupi ameacha biashara kwa mkwewe. Nikampeleka sokoni, kwenye mwembe uliokatwa, kwa fundi saa ambaye sasa anatengeneza redio. Akaniuliza kama barabara ya Kabondo bado inajaa maji. Akauliza pilipili inauzwa na nani. Akauliza kama bado navaa kile kitambaa cha bluu, nikamwambia ndicho nilichovaa, akatikisa kichwa kama mtu aliyejua. Binti yake alituletea fufu na samaki, ikapoa. Tulikaa hivyo siku ile na iliyofuata, na vitabu havikutoka kwenye mkoba.

Asubuhi ya kuondoka alitaka kunisindikiza. Nilimshika mkono mpaka ukingoni, na safari hii sikuuachia. Mashua mbili zilikuwa zinapakia: yangu ya kupanda Kisangani, na nyingine iliyojaa muhogo, ya kushuka Basoko.

"Utarudi?" akaniuliza.

"Maji yakijaa."

"Yatajaa," akasema.

Nikapanda, nikapata nafasi karibu na ubavu wa mashua. Ile ya muhogo ndiyo iliyowasha mota kwanza. Papa Lofemba akasikia, akanyoosha mgongo, akavua kofia na kuanza kuipungia. Mashua ile ikageuka, ikashika mkondo, ikaenda na magunia yake, naye akaifuata kwa uso, akipunga, akipunga, mpaka ikapotea kwenye kona. Mimi nilikuwa hatua chache tu kutoka kwake. Ningemwita angenisikia. Nilisimama pale kwenye mashua iliyokuwa bado imefungwa kamba, nikainua mkono, nikampungia na mimi.